Seli uaji huwasaka wasio na kipande: mbona chembe nyekundu huachwa?

Mwalimu wa Biolojia, Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Juma lililopita nilifundisha kuhusu seli uaji asilia, zile limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zinazoua seli iliyoambukizwa virusi au iliyogeuka saratani bila kungoja kufunzwa kwanza sura ya adui. Niliwaeleza wanafunzi kwamba karibu kila seli ya mwili hubeba juu ya utando wake protini za HLA, mfano wa kipande, yaani kitambulisho, cha mtu, na kwamba baadhi ya virusi huzipunguza protini hizo ili limfosaiti T, seli nyingine za kinga ambazo huzisoma, zisivigundue. Hapo seli uaji humshuku asiye na kipande na kumuua. Msichana mmoja akauliza: chembe nyekundu za damu hazina kiini wala karibu hazina HLA, basi mbona seli uaji, zinazopita nazo katika mshipa uleule, haziziui? Nilimwomba anisubiri hadi Jumatatu.

Mtaalamu wa maabara, Nakuru

Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa palepale ambapo mfano wa kipande huchechemea. Seli hizi zilielezwa mwaka 1975, na katika miaka ya 1980 Klas Kärre wa Uswidi akatoa wazo kwamba huchunguza kinachokosekana badala ya kutafuta kigeni tu. Wazo hilo lingali sahihi, ila ni nusu ya maelezo. Seli uaji ina vipokezi vya kuzuia, ambavyo husoma HLA, na vipokezi vya kuchochea, ambavyo hutafuta dalili za taabu, kwa mfano protini ambazo seli huzionyesha juu ya utando wake virusi vinapoishambulia au DNA yake inapoharibika. Uamuzi hutegemea upande uliozidi. Kukosa HLA ni kama kuachia breki tu, na gari lililo kwenye tambarare halitasogea kwa kuachiwa breki mpaka mtu akanyage mafuta. Chembe nyekundu iliyo nzima haina cha kukanyaga mafuta, kwa hiyo hupitwa kwa amani.

Seli uaji ikishaamua kuua, hujibana na seli lengwa na kuimwagia perforini, inayotoboa utando, pamoja na granzaimu, zinazopenya ndani na kuilazimisha ijiue. Pia hutoa intaferoni gama, ambayo huziamsha makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu.

Muuguzi, Kakamega

Nimeelewa kuhusu chembe nzima, lakini huku kwetu chembe nyekundu mara nyingi huwa na mpangaji. Chembe yenye vimelea vya malaria nayo hupitwa tu?

Mtaalamu wa maabara, Nakuru

Dada muuguzi, hapo mambo hubadilika. Kimelea cha falsiparamu, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, kikikua ndani ya chembe husukuma protini zake hadi juu ya utando, na mtu aliyeugua malaria mara nyingi huwa na kingamwili zinazozishika. Seli uaji ina kipokezi kiitwacho CD16, ambacho hukamata mkia wa kingamwili, na hicho pekee chaweza kutosha kukanyaga mafuta. Utafiti wa mwaka 2018, uliotumia kingamwili za watu wa Mali, ulionyesha seli uaji zikipasua chembe zenye vimelea huku zikiziacha zile nzima zilizokuwa kando yake. Kimelea nacho si mjinga: baadhi ya protini zake zinazoitwa RIFINI hushika vipokezi vya kuzuia, yaani hukanyaga breki kwa niaba ya HLA isiyokuwepo.

Hata hivyo, Mwalimu, hayo yalionekana katika vyombo vya maabara. Usiwaambie wanafunzi kwamba mtu mzima aliyekulia kando ya ziwa huugua malaria kidogo kwa sababu ya seli uaji pekee, kwani wengu, makrofaji na kingamwili zenyewe zina sehemu kubwa.

Mwalimu wa Biolojia, Kisumu

Nashukuru sana. Jumatatu kipande kitabaki ubaoni, lakini nitachora breki na mafuta kando yake, na swali la malaria nitamwachia yeye alijibu kwanza.