Naomba ushauri: presha ya mama haishuki, nahofia mishipa yake

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa mawazo.

Mama yangu ana miaka 61. Anameza amlodipini (dawa ya kushusha presha) miligramu 5 kila asubuhi na chumvi tumepunguza, lakini wiki hii kipimo kimesoma 158/96, 162/98, kisha 155/94. Nampima ameketi, mkono juu ya meza, baada ya kupumzika dakika tano. Kichwa hakimuumi, basi anasema yuko mzima. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Nimesoma kwamba presha huumiza utando wa ndani wa mishipa, chembe nyeupe za kinga zikajipenyeza kwenye kuta zake na kuleta uvimbe, mishipa ikakakamaa na presha ikazidi kupanda. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa panya wasio na limfositi (aina mojawapo ya chembe hizo nyeupe) presha yao haikupanda sana hata walipopewa homoni ya kuipandisha.

Sasa mama humeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kwa ajili ya magoti, akiamini itatuliza na huo uvimbe wa mishipa. Je, si ndiyo inayompandisha presha? Na tukirudi kwa daktari, tuombe vipimo gani kujua kama figo na macho vimeshaguswa?