Django, FastAPI au Laravel kwa mfumo wa oda na malipo ya simu?

Mzigo_Kariakoo

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa mfumo wa oda za jumla. Duka la Mbagala au Tegeta linaagiza mzigo Kariakoo kwa programu ya Android, linalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine, na stoo ikiona oda imelipwa ndipo inafunga mzigo. Tupo wawili: mimi wa Python, mwenzangu wa PHP ila Python anaisoma vizuri. Seva tuliyokodi ipo Ulaya, prosesa ya kiini kimoja, RAM GB 2, databesi ni PostgreSQL. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi tunakadiria oda 300 kwa saa. Kwa fremuweki (kiunzi cha kujengea mfumo upande wa seva), mwenzangu anataka Laravel ya PHP, mimi nataka FastAPI ya Python kwa ajili ya kasi, na tumeshauriwa pia Django, nayo ya Python, pamoja na nyongeza yake ya API, Django REST Framework. Tuchague ipi, na kwa vigezo gani?

Fundi_Seva

Mkuu, kasi itoe kwenye mizani kwanza. Oda 300 kwa saa ni oda moja kila sekunde 12. Hata kila oda ikizaa maombi 20 (kufungua orodha, kutafuta bidhaa, kuulizia hali ya malipo), hayafiki mawili kwa sekunde, na zote tatu zinayabeba bila jasho. Kutoka simu ya Mbagala hadi seva ya Ulaya na kurudi ni zaidi ya millisekunde 100, na muunganisho mpya wa HTTPS huenda na kurudi zaidi ya mara moja kabla data haijaanza kupita. Millisekunde 5 ulizookoa kwenye fremuweki mwenye duka hazioni.

Kinachochelewesha huwa ni maulizo ya databesi. Ukurasa wa oda 50, kila oda na mteja wake na bidhaa zake, ukiuandika bila uangalifu kwenye Django unapiga maulizo 101. Weka `select_related` kwa mteja na `prefetch_related` kwa bidhaa, ili data ivutwe kwa pamoja, yanabaki mawili, ukiacha lile la kuhesabu kurasa.

Sasa tazama kazi yenyewe. Kuna ngazi za ruhusa, bei zinazobadilika, mtu wa stoo anayehitaji ukurasa wa kurekebisha oda, na pesa za watu. Django inakuja na ukurasa wa msimamizi, mfumo wa kuingia, na njia ya kubadilisha majedwali hatua kwa hatua. FastAPI inakupa njia za API (milango ambayo programu ya simu inaongea na seva), uhakiki wa data kwa maktaba ya Pydantic na nyaraka zinazojitengeneza. Mengine utaunganisha kwa mkono: SQLAlchemy ya kuongea na databesi, Alembic ya kubadilisha majedwali, ruhusa, ukurasa wa stoo. Kwa watu wawili huo ni mzigo mkubwa usio na faida hapa. Ningechukua Django 5.2, toleo la muda mrefu lenye marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028.

Binti_wa_API

Nakubaliana na Fundi_Seva kuhusu kazi hii, ila FastAPI isionekane dhaifu. Pale ambapo huduma inasubiri mifumo mingine mingi kwa wakati mmoja, inang'aa. Tatizo ni kwamba wengi huandika `async def` (kazi inayopisha nyingine wakati inasubiri) halafu ndani wanaita maktaba ya `requests`, ambayo huita mifumo mingine bila kupisha. Hiyo inaziba mzunguko mzima unaohudumia maombi: malipo yakisubiri jibu kwa sekunde 20, kila mteja kwenye mchakato huo anasubiri sekunde 20. Mbaya zaidi, `requests` haina kikomo cha muda usipokiweka mwenyewe. Ama tumia `httpx.AsyncClient`, ama andika `def` ya kawaida, FastAPI itaipeleka kwenye nyuzi za pembeni, ambazo kwa kawaida ni 40.

Na `BackgroundTasks`, njia ya FastAPI ya kufanya kazi baada ya kujibu, isiguse pesa. Inaishi ndani ya mchakato uleule. Seva ikizimwa, kazi imepotea na hakuna rekodi.

mdau_Mwenge

Jamani, Laravel mnaipita haraka mno. Ina foleni (ya kazi zinazofanywa pembeni), ruhusa, uhakiki na majedwali kama Django, na mafundi wa PHP hapa mjini ni wengi, jambo la kuwaza siku mmoja wenu akiondoka. Kasoro yake kwenu ni mbili. Ukurasa wa msimamizi hauji nayo, lazima uongeze kifurushi kama Filament. Na matoleo yake hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 2 tu, kwa hiyo pangeni muda wa kupandisha toleo.

Mkiichagua, angalieni `retry_after` kwenye foleni, yaani muda ambao ukipita kazi inahesabiwa imekwama na kurudiwa. Kwa kawaida ni sekunde 90, na kikomo cha muda wa kazi moja ni 60. Ukiongeza kikomo hadi 120 ukaiacha 90 ilivyo, mchakato wa pili unaichukua kazi ileile kabla wa kwanza haujamaliza. Kama kazi yenyewe ni kutoa stoo, mzigo unatoka mara mbili. Pia mkishapandisha msimbo mpya wa programu endesheni `php artisan queue:restart`, la sivyo michakato inaendelea na msimbo wa zamani.

Mzigo_Kariakoo

Ahsanteni sana. Kwa hoja ya ukurasa wa stoo naona Django inashinda. Swali la nyongeza: taarifa ya uthibitisho kutoka mtandao wa simu tuipokee vipi? Na je, Celery na Redis (zana za kuendesha kazi za pembeni kwa foleni) zitatosha kwenye RAM ya GB 2?

Fundi_Seva

Hapa ndipo mweke akili zenu zote. Chukulia kuwa taarifa ileile inaweza kuja mara mbili, kuchelewa, au isije kabisa.

Anwani inayoipokea ifanye mambo mawili tu: kwanza ihakiki kuwa aliyetuma ni mtandao kweli, kwa sahihi au orodha ya IP kadiri mkataba wenu unavyosema, pili ihifadhi ujumbe mzima kama ulivyo kwenye jedwali lenye sharti la UNIQUE (lisiloruhusu kurudia) kwa jina la mtandao pamoja na namba ya muamala. Ikigonga sharti hilo, ujumbe ulishapokelewa. Jibu 200 (yaani umepokea) na uishie hapo. Usitoe stoo wala kutuma SMS ndani ya ombi hilo.

Amri ya pembeni ndiyo inayochakata. Inachukua ujumbe ambao haujashughulikiwa kwa `select_for_update(skip_locked=True)`, yaani inaufunga na kuruka uliofungwa na mwingine, inaifunga oda husika, inalinganisha kiasi kilicholipwa na kinachodaiwa, kisha inabadili hali. SMS itumwe kwa `transaction.on_commit`, baada ya databesi kuthibitisha mabadiliko, maana ukiituma mapema na muamala wa databesi ukarudishwa nyuma, mteja ameambiwa oda imepita wakati haipo. Kila dakika chache ulizia mtandao kuhusu oda ambazo bado hazijathibitishwa.

Celery itatosha, ila hamuihitaji. Amri hiyo ya pembeni iendeshwe na systemd (msimamizi wa huduma wa Linux), ijirudie kila baada ya sekunde kadhaa. Gunicorn, programu inayoiendesha Django kwenye seva, ipeni michakato 3, yaani viini mara mbili ukijumlisha moja, kisha pimeni RAM halisi mzigo ukiwa juu.

Shilingi ziwe namba kamili, kamwe zisiwe `float` (namba za desimali za kukadiria). Namba ya simu iwe maandishi, na mnayoandikiwa kwa 07 au +255 yote yageuzwe kuwa 255 na tarakimu 9 kabla ya kuhifadhi.

Binti_wa_API

Naongezea mawili. Nginx, seva ya mbele inayopokea maombi, hata ukiwasha gzip (ubanaji wa data) inabana HTML tu; ongeza `application/json` kwenye `gzip_types`, bando za wateja zitapona. Na mradi mpya wa Django huja na `TIME_ZONE` ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Weka `Africa/Dar_es_Salaam`, la sivyo mauzo ya kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri yataingia kwenye ripoti ya jana. Kwenye SQL mnayoandika kwa mkono mpangilio huo hauwasaidii. Andikeni `AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'` kabla ya kugeuza kuwa tarehe.