TV inastaki kila jioni: faiba, ruta ya laini, TV box au nirudi kwenye dishi?

Mpangaji_Iyumbu
Wakuu, habari za jioni. Niko Iyumbu, hapa Dodoma, nyumba ya kupanga. Natumia ruta ya laini ya 4G iliyo chumbani, TV smati ya inchi 43 iko sebuleni. Mchana YouTube inateleza tu. Ikifika saa mbili usiku taarifa ya habari inaanza kuganda, kimduara kinazunguka weee, na mpira ndio usiseme: jirani mwenye dishi anashangilia goli, kwangu bado wanarusha mpira. Nina hela kidogo nimetenga, sitaki kubahatisha. Nachagua kati ya kupandisha kifurushi, kuvuta faiba (mtaani nguzo zimeshapita), kununua TV box (kile kiboksi cha kuchomeka kwenye TV kinachocheza video za mtandaoni), au kurudi kwenye dishi na king'amuzi. Mnashauri nini?

Fundi_Nzuguni
Mkuu, usinunue kitu bado. Jua kwanza tatizo liko upande gani: kati ya TV na ruta, au kati ya ruta na mnara. Subiri hiyo saa mbili inapoganda. Simama na simu pembeni ya ruta, fungua fast.com, pima. Halafu kasimame mbele ya TV, waifai ileile, pima tena. Netflix wanashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya ubora wa 720p, 5 kwa 1080p iliyo kali zaidi na 15 kwa 4K iliyo kali kuliko zote, kwa hiyo huhitaji maajabu. Ukipata 20 pembeni ya ruta halafu 2 kwenye TV, kuta ndizo zinakula mtandao wako, na faiba utakayovuta itaishia kuwa kali hukohuko chumbani. Ukipata 2 hata pembeni ya ruta, mnara umeelemewa. Ukiwa Iyumbu, karibu na wanafunzi wote wale wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), jioni sishangai.

Kizota_Boy
Fundi unamzungusha mwenzio. Vuta faiba, mambo yaishe. Mimi watoto wako kwenye katuni, mama yuko kwenye tamthilia, mimi niko kwenye simu, hakuna anayelalamika. Laini ya simu unagawana mnara na mtaa mzima, utapima mpaka lini?

Fundi_Nzuguni
Faiba ni nzuri, sijakataa. Ila huyu ni mpangaji. Akihama mwakani kwenda Ihumwa au Mtumba, ruta ya laini anaibeba kwenye begi. Faiba anaanza upya kuulizia kama huko imefika.

Dada_Nkuhungu
Kuhusu kupandisha kifurushi, hesabu kwanza. Kwa megabiti 5 kwa sekunde, saa moja inakula kama GB 2.25. Mechi na mapumziko yake ni GB 4 hivi. Ukiangalia kila siku, bando linayeyuka. Na hivyo vifurushi vinavyoitwa havina kikomo, soma masharti yake: vingine ukifika kiwango fulani kasi inashushwa mpaka mwezi ugeuke, na hapo ndipo watu wanaanza kulaani TV. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa sababu yenyewe, wala si mnara. Taarifa ya habari weka 480p. Sura ya mtangazaji utaiona vizuri tu.

Mzee_wa_Miyuji
Vijana, hilo la goli kuchelewa hakuna faiba itakayolitibu. Matangazo ya mtandaoni yanakatwa vipandevipande, na TV inaweka akiba ya vipande kadhaa kabla haijaanza kuonyesha. Kwa hiyo hata mtandao ukiwa safi utachelewa nyuma ya dishi. Kama shida yako ni Simba na Yanga, rudi kwenye dishi bila aibu. Ila funga nati vizuri! Upepo wa hapa Dodoma mwezi wa saba unasukuma dishi kidogo tu, kiasi ambacho kwa macho hukioni, na king'amuzi kinakuandikia hakuna mawimbi. Mimi nimelichora alama ya rangi kwenye bomba: likihama najua nilirudishe wapi. Mvua kubwa nayo hukata picha, lakini mvua zenyewe za kwetu mnazijua.

Kizota_Boy
Mzee umemaliza. Mimi mpira naangalia kwenye zile app za bure, nazo zinastaki hata na faiba.

Fundi_Nzuguni
Hizo hazina dawa, kaka. Anayerusha kaiba matangazo, seva yake ndogo, mechi kubwa ikianza wote mnaingia kwa pamoja. Hata uwe na megabiti 100 utaganda tu.

Mpangaji_Iyumbu
Nimerudi na vipimo. Saa mbili na nusu: pembeni ya ruta 9, mbele ya TV 1.8. Sasa?

Fundi_Nzuguni
Safi. Mnara wako una uhai, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Hamisha ruta ije sebuleni, hata kwa waya wa ekstensheni. Iweke juu, karibu na dirisha, isiwe sakafuni wala nyuma ya TV. Ikiwa karibu hivyo, unganisha TV kwenye waifai ya gigahezi 5. Ile ya 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi, lakini majirani wote wamejazana humo. Bora kuliko zote ni waya wa mtandao kutoka ruta hadi TV. Tundu la TV nyingi mwisho wake ni megabiti 100, na kwako zinabaki.

Dada_Nkuhungu
Na TV box usiiguse kabla ya jaribio hili: video ileile, ubora uleule, icheze kwenye simu ukiwa mbele ya TV. Simu ikiteleza na TV ikaganda, TV ndiyo imechoka. Futa programu usizotumia, ichomoe kwenye umeme kidogo, uwashe tena. Ikikataa bado, hapo box ina maana.

Mpangaji_Iyumbu
Ruta iko dirishani sasa, mbele ya TV napata 8, na taarifa ya habari imeisha bila kukwama. Hela ya faiba itanunua dishi kwa ajili ya mpira. Kizota, nikija kuvuta faiba baadaye, umeme ukikatika unafanyaje?

Kizota_Boy
Nina UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, nimechomeka ruta na kile kiboksi cha faiba. Angalia volti nyuma ya vifaa vyako kabla hujanunua, vingine vinatumia 9. TV inazima, lakini simu zinaendelea.

Mzee_wa_Miyuji
Dishi ukilinunua, dai na bomba nene. Lile jembamba wanalolitoa bure halimalizi kiangazi.