Mtoto wa miaka miwili mwenye sikoseli: kupima dawa, homa na bandama

mama_kitangari
Habari zenu wadau, niko Kitangari, Newala. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili, kilo 12, na vipimo vimeonyesha ana sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu kujipinda kama mundu. Daktari kamwandikia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya sikoseli, miligramu 240 kwa siku, ila kapsuli zinazopatikana ni za 500. Ana penisilini V ya kuzuia maambukizi na foliki asidi ya kusaidia kutengeneza damu pia. Msimu wa korosho atashinda na bibi yake. Kapsuli naipimaje? Na bibi aangalie nini ili asichelewe kumpeleka hospitali?

mfamasia_masasi
Pole sana mama. Kapsuli usiigawe unga kwa macho, dozi itakuwa kubwa leo na ndogo kesho. Vaa glavu, chukua kikombe kidogo ambacho hakitatumika kwa chakula, na bomba la mililita 10 lisilo na sindano. Pima maji safi mililita 10, mimina unga wote, koroga vizuri. Kila mililita sasa ina miligramu 50, kwa hiyo 240 ni mililita 4.8. Unga utakaotuama chini usikutishe: dawa yenyewe huyeyuka, kinachobaki ni kijazio cha kapsuli. Mpe papo hapo, usimwekee mabaki kesho. Mwenye mimba asiishike dawa hii kabisa.

Wapo watoto wanaoandikiwa kapsuli nzima siku moja na kuruka siku ya pili. Usichanganye njia hizo mbili, na hesabu yangu mwonyeshe mfamasia wa kliniki kabla ya kuanza. Uzito ukiongezeka, dozi nayo hubadilika.

Tarehe za kupima picha nzima ya damu usiziruke, hasa miezi ya mwanzo. Dawa hii ikizidi hushusha chembe nyeupe na chembe sahani (za kugandisha damu), na mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa huku zimeshuka. Zikishuka mno daktari huisimamisha kwa muda, kisha huirudisha kwa dozi ndogo. Nafuu yake huja baada ya miezi, kwa hiyo usiiache kwa kuona haifanyi kazi.

Penisilini V ya 250: nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, mpaka atimize miaka mitatu, baada ya hapo kidonge kizima mara mbili, angalau hadi miaka mitano. Foliki ikikosekana dukani, usikubali vile vidonge vya wajawazito. Vina madini ya chuma, na mtoto wa sikoseli hapewi chuma mpaka ipimwe na kuonekana imepungua.

muuguzi_wa_watoto
Mama, bibi anunuliwe kipimajoto, kiganja hakitoshi. Nyuzi 38.5 ni dharura, saa yoyote. Kwapani husoma chini kidogo ya joto la ndani, na ninyi mko mbali, kwa hiyo ikifika 38 waanze safari. Parasetamo ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5 anaweza kupewa mililita 5 hadi 7.5 njiani, lakini homa ikishuka wasigeuze. Bandama la watoto hawa halichuji tena bakteria ipasavyo, na maambukizi ya damu yanaweza kumuua mtoto ndani ya saa chache. Anahitaji antibayotiki ya sindano.

Bandama lenyewe bibi alipapase kila siku mtoto akiwa amelala chali, ametulia. Vidole bapa, chini ya mbavu za kushoto, bila kukandamiza. Kliniki wamwonyeshe linapoishia sasa, kwa upana wa vidole. Likikua ghafla, na viganja na midomo vikapauka, mtoto akalegea, damu imenasa humo. Hapo waende moja kwa moja kwenye hospitali yenye damu ya kuongezea. Ulizeni leo kama hospitali yenu ya wilaya huwa nayo, maana kushuka toka Newala hadi hospitali ya Ndanda au ya Ligula kule Mtwara usiku ni mwendo.

Dalili nyingine za kuondoka hapo hapo: kupumua haraka au maumivu ya kifua, mkono au mguu mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, uume kusimama bila kulala kwa saa kadhaa.

mama_kitangari
Asanteni mno. Nasikia wenye sikoseli malaria haiwapati sana, ni kweli?

muuguzi_wa_watoto
Hapana mama. Mwenye kinga hiyo ni aliyerithi upande mmoja tu, kama wewe na baba yake. Mwanao aliyerithi pande zote mbili, malaria humvunja damu vibaya. Chandarua kila usiku, hata wakilala kwenye kibanda cha shambani. Kipimo cha malaria kikitoka chanya, msikubali dawa mseto ya malaria peke yake mkarudishwa nyumbani. Mwambieni daktari ana sikoseli, bakteria wanaweza kuwepo pamoja na malaria.

mjomba_lindi
Naongeza mawili. Maji huko juu ni ya shida, basi ndoo ya mtoto iwe yake, anywe kidogo kidogo siku nzima. Mwili ukikauka chembe zilizojipinda hunasa kwenye mishipa na maumivu huanza. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba avae soksi na sweta, na asiogeshwe maji ya baridi.

La pili ni jando. Wajomba waambiwe mapema kwamba huyu hatahiriwi porini. Afanyiwe hospitali, wingi wa damu ukiwa umepimwa kwanza, awekewe maji na kukingwa baridi. Sherehe ya kumtoa mnaweza kuifanya na wenzake akishapona.