Treni ya Bububu: irudishwe au iachwe ilale?

Mwana wa Mtoni (mwenye mada)

Jamani, maneno ya treni ya Bububu, ile ya zamani hapa Unguja, yamezuka tena: ijengwe upya, ipakie watalii Forodhani, iwapeleke na kuwarudisha. Juzi ndani ya daladala ya 502 abiria wawili nusura washikane mashati kwa hilo, konda anacheka tu. Naileta hapa. Mie nasema isijengwe. Fedha hizo zilinde yale machache yaliyobaki.

Kwanza tusichanganye. Reli zilikuwa mbili. Ya mwanzo ni ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, kutoka mjini kwenda kwenye kasri lake la Chukwani, ilianza kwenye 1879 hivi. Mabehewa yalivutwa na nyumbu, ndipo 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke Uingereza. Mombasa walikuwa bado hawajapigilia hata msumari mmoja. Reli yao ilianza 1896. Lakini ile ilikuwa ya mtu na ahli zake, na alipofariki 1888 iling'olewa.

Hii ya Bububu ni nyingine. Waliijenga Wamarekani, kampuni ya Arnold, Cheney, wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na kufika 1905 ilikuwa inakwenda. Maili 7, kutoka ubavuni mwa Ngome Kongwe, inapenya Malindi, inafuata pwani mpaka Bububu. Serikali iliinunua 1911. Abiria ilipakia mpaka 1922, halafu ikabaki kusomba mawe.

Sasa mnaosema tuirudishe "kwa ajili ya urithi", mnajua ilijengwa kwa nini? Mawe ya kasri la Beit el Ras, lile la Sultani Sayyid Said ambalo halikumalizika, yalichukuliwa kujengea njia ya treni. Urithi mmoja uliliwa ili upatikane mwingine. Tusirudie.

Kijana wa Forodhani

Kaka, historia nimekusikia, ila mie natembeza wageni na nakula kwa kazi hiyo. Mgeni ukimwambia palikuwa na treni hapa, jambo la kwanza anauliza "iko wapi?" Namwonesha nini? Lami? Hata zamani hizo treni hiyohiyo ilikuwa na behewa la daraja la kwanza la abiria wa meli zilizotia nanga, wakazungushwa kidogo na kurudi. Utalii wa treni hatuuanzi leo.

Tena jina lenyewe ni tangazo. Bububu ni mlio wa injini: bu-bu-bu!

Mwana wa Mtoni

Mdogo wangu, hapo ndipo mnapowapotosha watu. Barghash alivuta maji ya mabomba kutoka chemchemi za Bububu kuleta mjini, na yeye kafa 1888. Treni imekuja miaka 17 baadaye. Vipi injini iupe jina mji uliokwisha kuitwa hivyo? Wengine husema ni mlio wa maji yanayobubujika, na hilo walau halipingani na kalenda. Nimesikia pia mwenzako mmoja anawahadithia wageni eti treni ilipita handakini chini ya Mji Mkongwe. Handaki! Treni ilipita juu, mbele ya milango ya watu. Anayetaka handaki apande boti, kisha SGR ya Dodoma, atayapata ya Kilosa.

Bi Mkubwa wa Malindi

Wanangu, shikamooni hamkunipa lakini nasema. Marehemu bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kigoli treni ikipita mtaani kwetu. Akitwambia: ukisikia kengele unamkumbatia mtoto, unajitia kwenye mlango wowote ulio karibu, hodi utapiga baadaye. Nguo za kambani zinaanuliwa mbio kwa masizi. Paliondoka ugomvi wa majirani wawili kwa buibui moja lililotiwa moshi, na treni ilipokufa wao walikuwa bado hawasemezani.

Sasa mnataka kuurejesha moshi ule Malindi? Uchochoro ni uleule, haukuongezeka hata shibiri. Na Mji Mkongwe tangu 2000 ni urithi wa dunia, kubadilisha dirisha tu ni barua na barua. Wacheni.

Kijana wa Forodhani

Shikamoo bibi, nisamehe. Sikusema ipite Malindi. Ianzie Mtoni.

Fundi wa Saateni

Marahaba ya bibi sijui kama itakufika, ila hoja yako ya Mtoni ni ya maana kuliko zote hapa. Tatizo ni ardhi. Reli ile ilikuwa nyembamba, futi 3 baina ya chuma na chuma, na sehemu kubwa ya njia yake imekwisha kumezwa na barabara. Simama njia ya Bububu saa kumi na moja jioni: daladala, bodaboda, gari la ng'ombe lenye majani, wanafunzi. Utaliweka wapi tuta jipya bila kuvunja nyumba za watu? Treni haipigi kona kama bajaji.

Tena iliuliwa na nini? Motokaa. Barabara ilipopata nafuu, abiria wakahama. Leo magari yameongezeka mara ngapi?

Ila mwenye mada nawe usijitie umeshinda. "Tulinde yaliyobaki" ni maneno matamu, lakini yaliyobaki nani kayaandika? Vidaraja na matuta ya zamani yapo pembezoni mwa njia ile, watu wanamwaga taka juu yake. Sijaona kibao hata kimoja.

Mwana wa Mtoni

Hapo umenishika, fundi. Basi mie nitaanza na hilo. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa Mtoni, nitembee mpaka Bububu nikipiga picha kila kipande. Kijana, njoo na wewe, ukapate cha kuwaonesha wageni wako. Vaa viatu, pana miiba.

Bi Mkubwa wa Malindi

Marahaba Kijana. Na maji ya kunywa mchukue, jua la alasiri hilo si la mchezo.