Mjadala: Je, harakati za ufeministi Marekani zilianzia Seneca Falls mwaka 1848?

Ndugu wachangiaji, mtoa mada ameeleza kwamba harakati za ufeministi nchini Marekani zilizaliwa tarehe 19 na 20 Julai 1848, katika mkutano wa Seneca Falls, jimbo la New York. Mimi napinga. Harakati hizo zilizaliwa mapema zaidi, ndani ya mapambano ya kukomesha utumwa, na anayeanza kuhesabu mwaka 1848 anawafuta wanawake waliotangulia kulipa gharama.

Mwaka 1832, mjini Boston, Maria Stewart, mwanamke mweusi, alisimama mbele ya wanaume na wanawake akauliza kwa nini mabinti wa watu wake wafungiwe katika kazi za utumishi wa majumbani, wakati ambapo mwanamke kuhutubia wanaume hadharani ilihesabiwa kuwa fedheha. Wakafuata ndugu wawili, Sarah na Angelina Grimké, waliozaliwa South Carolina katika familia iliyomiliki watumwa. Walizunguka Massachusetts wakihutubia dhidi ya utumwa, na mwaka 1837 wachungaji wa jimbo hilo wakatoa waraka wa kukemea wanawake wanaothubutu kuhubiri mambo ya umma. Hapo ndipo ninapopaona pa kuzingatia kuliko pote: ili waendelee kumtetea mtumwa, ilibidi kwanza watetee haki yao ya kufungua kinywa, na mwaka uliofuata Sarah akachapisha barua zake kuhusu usawa wa mwanamke na mwanamume.

Mwaka 1840, katika mkutano wa dunia wa kupinga utumwa uliofanyika London, wajumbe wanawake kutoka Marekani walinyimwa viti vyao wakaketishwa pembeni kama watazamaji. William Lloyd Garrison, kiongozi wa wapinga utumwa wa Marekani aliyefika kwa kuchelewa, alikataa kiti cha mjumbe akaenda kuketi nao. Huko ndiko walikofahamiana Lucretia Mott na Elizabeth Cady Stanton, ambao miaka 8 baadaye walikuwa miongoni mwa walioitisha mkutano wa Seneca Falls.

Mchangiaji aliyetangulia amesema kwamba tamko la Seneca Falls, lililotiwa saini na wanawake 68 na wanaume 32, ndilo lililodai haki ya wanawake kupiga kura, kwa hiyo ndilo mwanzo. Uzito wa dai hilo siupingi hata kidogo. Lakini azimio la kura lilipita kwa taabu, na aliyelitetea kwa nguvu pamoja na Stanton ni Frederick Douglass, mtu aliyetoroka utumwani.

Tukumbuke pia kwamba simulizi hili la kuanzia Seneca Falls lilienezwa na Stanton na mwanaharakati mwenzake, Susan B. Anthony, katika historia ya harakati hizo waliyoanza kuichapisha mwaka 1881, baada ya harakati kugawanyika mwaka 1869 kuhusu kuwapa kura wanaume weusi kabla ya wanawake. Anthony mwenyewe hakuwapo Seneca Falls.

Kwa hiyo nawauliza wanaoshikilia mwaka 1848: ni kipimo gani kinachoupokea mkutano ule na kuikataa hotuba ya Stewart?