Dawa za nano kwa uzazi wa mwanamke: fedha za umma ziende huko?

Mtoa mada: Wadau, nasema ziende, kuanzia saratani hadi maumivu ya hedhi. Chembe za nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) zinabeba dawa na kuupunguzia mwili sumu ya dawa hiyo. Saratani ya ovari tayari inayo moja, doksorubisini, dawa ya kuua seli za saratani, iliyofungwa kwenye vijifuko vya mafuta. Marekani waliipitisha miaka ya tisini.

Kigogo: Miaka ya tisini! Wangapi wameiona tangu hapo? Tumalize kwanza ya msingi. Sasa hata maumivu ya hedhi, ambayo mama zetu waliyavumilia, mnataka yatafutiwe teknolojia.

Mfamasia: Kwa ovari ni 1999, 1995 ilikuwa kwa saratani nyingine, sarkoma ya Kaposi. Na tuseme yote: moyo unaumia kidogo kuliko kwa doksorubisini ya kawaida, lakini viganja na nyayo vinachubuka. Sehemu ya sumu imehama tu.

Mama Wawili: Kigogo, nani kakwambia waliyavumilia? Walinyamaza. Endometriosisi inampata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Tishu inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba inaota kwenye ovari, hata kwenye utumbo, na hakuna dawa ya kuimaliza. Mimi nilizimia darasani, nikaambiwa nikizaa yatakwisha. Nimezaa wawili.

Kigogo: Pole dada, sikukulenga wewe. Nimesema mengine ni ya kawaida.

Mama Wawili: Ya kawaida kwa nani? Umewahi kuyapata?

Mfamasia: Jamani, mada. Hofu yangu ni mjamzito. Mwaka 2010 watafiti walipima kondo la nyuma la binadamu maabarani, na chembe za polistireni, aina ya plastiki, za hadi nanomita 240 zilivuka.

Mtoa mada: Ndiyo maana utafiti unahitajika! Mwaka 1977 Marekani iliwafungia wanawake wenye uwezo wa kuzaa majaribio ya awali ya dawa, hadi 1993. Hata chanjo za Covid za mRNA (maelekezo ya kijeni), zinazobebwa na chembe za nano za mafuta, majaribio makuu ya mwanzo hayakuwachukua wajawazito.

Kigogo: Baada ya thalidomidi, dawa ya kichefuchefu iliyolemaza watoto tumboni, bado unataka mjamzito ajaribiwe?

Mtoa mada: Thalidomidi iliuzwa bila kupimwa ipasavyo kwa mimba. Waliodhurika walikuwa watoto wa wateja, si wa washiriki wa majaribio.

Mama Wawili: Mimi sina mimba, nina maumivu. Kigogo, nimekuuliza swali.